Siku Baba Aliposhuka Kuona Ndovu

Sisi watu wa milimani hatukulelewa kutazama mandhari. Kule kwetu Wusi ukimkuta mtu amesimama kando ya njia anaangalia bonde, unamuuliza kama amepoteza mbuzi. Kutembea kwetu kulikuwa ni kwenda kwa mtu: kwa shangazi, kwa mgonjwa, kwa aliyefiwa, tena huendi mikono mitupu. Kwa hiyo nilipoolewa Voi, katikati ya miaka ya sabini, na mume wangu akaniambia Jumapili ya kwanza baada ya ibada, "Twende tukatembee," nilijifunga leso, nikachukua kichane cha ndizi, nikamuuliza tunakwenda kwa nani.

"Si kwa mtu," akasema. "Tunakwenda kuona mlima wa Sagalla."

"Sagalla si ule pale? Mbona nauona nikiwa mlangoni?"

"Tukauone kwa karibu."

Nikarudisha ndizi ndani, nikamfuata huku nikinung'unika. Mume wangu alikuwa Mkamba wa Kitui, fundi wa magari katika gereji moja pale mjini, mtu mrefu, mpole, asiye na haraka na jambo lolote isipokuwa chakula. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mdomo wangu ulijulikana. Wanafunzi walikuwa wakinisikia nikiwa bado njiani.

Tulipanda Sagalla mpaka nusu, tukakaa juu ya jiwe. Chini yetu treni ya mizigo ilikuwa inajikokota kuelekea Mombasa, na mashamba ya mkonge yalikuwa yamepangwa mistari kama daftari jipya. Nililalamika kuhusu viatu, kuhusu jua, kuhusu nguo nilizokuwa nimeacha hazijafuliwa. Jumapili iliyofuata ni mimi niliyemuuliza tunakwenda wapi.

Basi ikawa desturi yetu. Siku nyingine tulishuka mto Voi, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, tukafuata nyayo za wanyama tukibishana ni za nani. Wakati wa likizo tulipanda treni mpaka Taveta, tukalala kwa binamu yake mtaa wa Bomeni, na asubuhi Kilimanjaro ikajitokeza yote, nyeupe juu, halafu dakika chache baadaye ikajifunika tena. Tukaenda ziwa Chala. Mume wangu alishuka mpaka majini kwa njia ya mawe isiyofaa hata kwa mbuzi. Mimi nilibaki juu nikimpigia kelele kwamba akizama nitaolewa na karani wa stesheni. Walimu wenzangu walinicheka, walisema nimekuwa mtalii nchini mwangu. Nilikuwa na furaha, na sikuwa na haya kuisema.

Kitu kimoja tu hakikukaa sawa, nacho kilikuwa Baba.

Mimi na mume wangu tuliandikishana ndoa kwa D.C., mkuu wa wilaya, siku ya Jumatano, mashahidi wakiwa mwalimu mwenzangu mmoja na fundi mwenzake mmoja. Sikumwita mtu wa kwetu. Nilipanga kwenda Wusi mwisho wa mwezi kueleza polepole, lakini Baba alikuwa ameshapata habari siku ya soko, Mwatate. Baadaye wazee wa Kitui walikwenda kujitambulisha na kupeleka mbuzi, na Baba akawapokea vizuri, wakala, wakacheka, wakaagana. Ila mimi hakunisemesha. Nikienda nyumbani alikuwa akiitikia shikamoo yangu kisha anachukua jembe. Nyumba yangu ya Voi hakuikanyaga miaka mitatu.

Nilijipa sababu mwenyewe. Nilisema Baba amekasirika kwa sababu nimeolewa na mtu wa bara, tena mwenye grisi kwenye kucha, badala ya mwalimu wa Wundanyi aliyekuwa akinitembelea zamani. Nikamkasirikia Baba kwa niaba ya mume wangu, ambaye mwenyewe hakuwa amekasirika hata kidogo.

Sasa kwetu hasira ya mzazi si mchezo. Mzazi akifungia kinyongo moyoni, hata asipotamka neno, kinaweza kumfikia mtoto wake mwilini. Dawa yake tunaiita kutasa. Mwenye kinyongo anachukua kinywaji mdomoni, zamani ilikuwa pombe ya miwa, siku hizi hata maji, anakipuliza chini mbele ya watu, halafu anasema wazi kilichomuudhi, anamtakia mema aliyemkosea, kisha anapuliza tena. Nyumbani kwetu tulikuwa Wakristo wa kwenda ibada kila wiki, na Baba alikuwa mzee wa kanisa, lakini jambo hilo hakuna aliyeliacha.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka mwezi wa tano. Mama alishuka na kikapu cha mboga, akanitunza wiki moja, na siku ya kuondoka akasema, "Baba yako lazima atase."

"Mama, mimi ni mwalimu," nikamwambia.

"Najua. Na mimba imetoka."

Alichukua kikapu chake akaenda zake. Mwaka uliofuata nikashika mimba nyingine, na ilipoingia mwezi wa tano nilianza kutembea kama niliyebeba mayai. Kliniki walisema kila kitu kiko sawa. Mchana nilisema siamini mambo ya hasira. Lakini niliogopa sana, na nilijua ninachoogopa. Mume wangu sikumwambia lolote. Niliona haya kumweleza mambo kama hayo mtu anayeshinda ndani ya injini.

Ndipo siku moja mwanamke wa kanisa letu aliyekuwa ametoka milimani akaniletea ujumbe: "Baba yako anasema atashuka Jumamosi. Anataka kuona ndovu."

Nilimwambia arudie. Baba alikuwa amepita miaka sitini, na ndovu aliwajua kwa sifa moja tu, ya kuharibu mashamba ya watu wa tambarare. Sikuwahi kumsikia akitamani kuwaona. Nikaelewa papo hapo kwamba anakuja kutasa. Ndovu ni kisingizio, kwa sababu mtu kama Baba hawezi kutuma ujumbe kwamba anakuja kusema na binti yake. Mume wangu naye alielewa kitu kimoja tu: baba mkwe anataka kuona ndovu, na ndovu ataonyeshwa. Aliomba pikapu ya mwenye gereji, akaitengeneza siku tatu mfululizo, akaniwekea mto wa kukalia.

Baba alishuka kwenye basi saa mbili asubuhi. Alikuwa amevaa kofia, sweta nzito ya baridi ya Wusi na gambuti za shamba, na chini ya kwapa alikuwa na miwa mitatu. Jua la Voi lilikuwa limeshaanza kuuma.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hao ndovu wako wapi?"

"Wako mbugani. Vua sweta, Baba, utapikika."

"Nitavua nikifika nyumbani."

Mume wangu akamwamkia kwa heshima zote, na Baba akamjibu, "Marahaba, bwana fundi." Nikaketi katikati, binti wa mmoja na mke wa mwingine, gia ikinigonga goti kila mara. Tukapita lango la mbuga, tukaingia kwenye ile nchi nyekundu.

Kisha tukawakuta punda milia, wanene, wanang'aa, Baba akashindwa kujizuia.

"Hawa wanakula nini?"

"Nyasi hizi, Baba," mume wangu akasema.

"Nyasi gani? Haya ni mafagio."

Twiga alipotokea, Baba alimtazama juu mpaka chini akasema huyo angefaa kuvuna maparachichi. Mume wangu akacheka mpaka akapunguza mwendo. Baba akageukia dirishani haraka, lakini nililiona shavu lake, nikajua naye anacheka. Aliendelea kuikagua mbuga kama mkulima anayekagua shamba la jirani mvivu. Alisema nchi kubwa kama hii na hakuna hata mgomba mmoja. Moyo wangu ukaanza kutulia.

Nusu ya njia rejeta ikachemka. Mume wangu akasimama, akangoja ipoe, akamimina maji yote ya mtungi. Kilichobaki kilikuwa chupa moja ya maji ya kunywa, na soda moja ya machungwa aliyomnunulia Baba peke yake na kuifunga kwa kitambaa kibichi isipate joto.

Tulifika chini ya jabali la Mudanda karibu na saa sita. Ni mwamba mrefu ajabu, umelala kwenye tambarare peke yake, na upande mmoja unapandika kwa miguu bila shida. Tulikaa kwanza kwenye kivuli cha mgunga tukafungua chapati na mayai ya kuchemsha. Mume wangu akafungua soda kwa bisibisi, akampa Baba kwa mikono miwili.

Baba hakukaa. Alivua kofia, akaiweka kwenye boneti. Akanigeukia. Nikajua wakati umefika. Akanywa funda moja, akalishika mdomoni, kisha akalipuliza chini, karibu na miguu yangu, kwa manyunyu membamba kabisa. Akavuta pumzi aseme.

"Pole sana, Baba!" Mume wangu alikuwa ameshamfikia. "Imeharibika! Nilijua tu! Yule mwenye duka ananiuzia soda za mwaka juzi. Usiinywe, itakuvuruga tumbo." Akaichukua chupa mkononi mwa Baba, akaipindua, akaimimina yote mchangani mpaka povu la mwisho. Akaitikisa na kuitikisa.

Baba alibaki amesimama, mkono bado umekaa kama ulioshika chupa. Mdomo ulikuwa wazi na neno lilikuwa limerudi ndani.

"Haya," akasema mwishowe. Akachukua kofia yake, akakaa, akala yai bila chumvi.

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kisha hasira ikanipanda, na kwa kuwa sikujua nimwelekezee nani, nilimkamata mume wangu mkono nikampeleka nyuma ya pikapu. Nikamweleza kila kitu kwa kunong'ona: kutasa, kinyongo, mimba iliyotoka, miaka mitatu. Alinisikiliza akiwa ameshika kichwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba Baba anakuja kutema soda ili mtoto wako aishi?"

"Ndiyo," akasema. "Ungeniambia hivyo hivyo."

Aliinama akachukua ile chupa ya maji ndani ya gari. Ilikuwa imefika nusu. Mwenzangu huyu alitoka mahali ambapo mama yake huteka maji kwa mwendo wa nusu siku. Nyumbani hata maji ya kunawa uso hakuyamwaga ovyo, aliyapeleka kwenye mche wake wa pilipili. Nikakumbuka kwamba tangu asubuhi yeye mwenyewe hajanywa kitu.

Tukapanda jabali. Baba alitangulia, sweta na gambuti na yote, anapanda kama anakwenda kuchungulia kunde zake, sisi vijana tukihema nyuma. Juu kulikuwa na upepo. Upande wa pili mwamba unashuka wima, na chini yake kuna bwawa refu. Ndovu walikuwepo.

Walikuwa wengi na wote wekundu, rangi ya udongo wenyewe. Wengine walikuwa wamesimama majini wakijimwagia, wengine wanangoja zamu, wadogo wanapita katikati ya miguu ya wakubwa. Kwa mbali, kwenye ukungu wa joto, milima yetu ilionekana ya buluu. Sikuwahi kuiona kutoka upande huo. Baba alichuchumaa.

"Wana adabu," akasema. "Wanangojana."

Ndovu mdogo alikuwa anakataa kutoka majini, na mmoja mkubwa anamsukuma kwa mkonga.

"Mama yake huyo," nikasema.

"Hapana, huyo ni shangazi. Mama ni yule pale anayejifanya haoni."

Ndipo mume wangu akaja, akachuchumaa mbele yake na kushika chupa kwa mikono miwili.

"Baba, nimekosa. Sikujua. Haya ndiyo maji tuliyo nayo. Ukikubali, endelea ulipoachia."

Baba alitazama chupa, kisha midomo ya mume wangu iliyokauka.

"Na wewe utakunywa nini?"

"Nitakunywa tukifika Voi."

Baba akasimama, akavua kofia mara ya pili. Akachukua maji mdomoni akayapuliza juu ya mwamba, na doa lililolowa likakauka tukiangalia.

"Mimi baba wa huyu nilikasirika," akasema, kwa sauti ile ile ya kutangaza kanisani. "Sikukasirika kwa ajili ya huyu kijana. Hata angetoka Uchina ningempa kiti. Nilikasirika kwa sababu habari za mtoto wangu nililetewa sokoni na muuza viazi, nimeshika gunia, watu wananitazama waone nitafanya uso gani. Ni hilo tu, na limetoka. Mtoto aliye tumboni azaliwe salama, alie, anyonye, aote meno, apande milima." Akapuliza tena.

Msomaji asiwe na wasiwasi, mtoto alizaliwa. Alilia, alinyonya, meno akaota mapema na kumuuma kila mtu. Lakini wakati ule sikuwa nawaza mtoto. Nilikuwa nawaza muuza viazi. Miaka mitatu nilikuwa nimeweka kosa kwenye kabila la mume wangu, na kosa lilikuwa langu.

Baba akampa mume wangu chupa. "Na wewe, mwanangu, kama una lako."

Mume wangu akachukua funda moja. Tukangoja apulize. Akafumba macho, shavu limejaa, jua linawaka juu yake, kisha koo likapanda na kushuka.

"Nisamehe, Baba," akasema kwa haya. "Yamepita yenyewe."

Baba alicheka mpaka akashika magoti. Chini kule ndovu mmoja akatandaza masikio akatutazama. "Huyu hana kitu moyoni," akaniambia akifuta macho. "Mwenye kitu hawezi kumeza namna hiyo." Halafu akaitikisa chupa, akasikiliza, akaninyooshea mimi.

"Mimi sina la kusema, Baba."

"Chukua."

Nilichukua. Maji yalikuwa ya moto. Niliyapuliza vibaya, mengine yakanirudia kwenye gauni. Nikasema nilimkasirikia kwa kuninyamazia, kwa kushika jembe kila nilipofika nyumbani. Baba akatikisa kichwa kukubali, lakini hakunyoosha mkono kuchukua chupa. Akaendelea kungoja, na mume wangu akageuka kuwatazama ndovu kwa bidii.

"Nilikuonea aibu," nikasema. Sauti yangu, ile inayosikika tangu njiani, ilikuwa haitoki vizuri. "Siku ile ofisini kwa D.C. Kulikuwa na mwalimu mwenzangu aliyevaa suti. Nilikuona kichwani mwangu ukiingia na gambuti zako, ukiuliza kwa sauti kubwa wageni wanakaa wapi. Ndiyo maana sikukuita. Hakukuwa na sababu nyingine."

Nililia. Baba aliniacha nilie.

"Puliza tena," akasema.

Nikamalizia tone lililobaki. Baba akachukua chupa tupu, akampa mume wangu, akavaa kofia yake na kuirekebisha.

"Langu mimi nililitema nyumbani, siku ile ile mama yako aliponiambia una mimba tena," akasema. "Leo nimelirudia tu ili upate pa kuanzia. Nilikuja kwa sababu ya hili lako."

Kisha akanishika kiwiko, tukaanza kushuka jabali polepole, yeye akinionyesha mahali pa kuweka mguu.